Maji Laini, Meno ya Kahawia
Maneno ya Kamati ya Maji kwenye mkutano wa mwaka wa wana Maji ya Chai

  

Kamati ya Maji tumepewa nafasi hii kabla ya harambee kuanza. Hatutawachosha. Tunataka kueleza kwa nini mwaka huu tunaomba michango yenu ielekee kwenye maji, na kwa nini tunaomba itumike tofauti na wengi wenu mlivyotarajia.

Tunajua mlitarajia kisima kipya. Baadhi yenu mmetuletea pendekezo la kununua mashine ya kulainisha maji kwa ajili ya zahanati. Tunawashukuru, maana anayeleta pendekezo ni yule ambaye moyo wake bado uko nyumbani. Lakini tunaomba mtusikilize kwanza. Kisima kinachochimbwa bila maji yake kupimwa kinaweza kutuletea kwa wingi zaidi maji yale yale yanayotuharibia watoto. Na mashine ile, kwa hapa kwetu, ingetibu ugonjwa tusiougua.

MAJI MAGUMU NA MAJI LAINI

Tuanze na lile mnalolijua. Ndugu zetu wanaoishi Dodoma wakija likizo huyasifu maji ya nyumbani. Kule wanakunywa maji ya visima vya Makutupora, nayo ni magumu. Sabuni haitoi povu upesi. Birika hujenga magamba meupe ndani, na hita ya umeme hufa mapema. Wakifika hapa wanafua shati kwa kipande kidogo cha sabuni, povu linajaa beseni, wanasema, "Maji ya nyumbani ni matamu jamani."

Ugumu wa maji unatokana na madini mawili, kalsiamu na magnesiamu, ambayo maji huyaokota yanapopita kwenye miamba, hasa yenye chokaa. Sabuni ikikutana na madini hayo hushikana nayo ikawa utando badala ya povu. Maji hayo yakichemshwa, sehemu ya kalsiamu hugeuka chokaa na kuganda kwenye sufuria. Hayo ndiyo magamba meupe. Wataalamu huupima ugumu kwa miligramu za chokaa katika lita moja ya maji: chini ya 60 ni maji laini, na zaidi ya 180 ni magumu sana.

Je, maji magumu yanadhuru mwili? Shirika la Afya Duniani halikuweka kikomo cha kiafya kwa ugumu wa maji. Wanalihesabu kuwa jambo la ladha, sabuni na vyombo. Kalsiamu yenyewe mwili unaihitaji. Kwa hiyo hasara kubwa ya maji magumu ni ya mfukoni: sabuni nyingi, kuni au umeme mwingi, birika jipya kila baada ya muda. Inaudhi, lakini haimlemazi mtoto.

KISICHOONEKANA

Sisi tumepewa jina na rangi ya mto. Mgeni anayepita barabara ya Moshi kwenda Arusha akisoma kibao chetu hutabasamu, akidhani labda huku chai inatoka bombani. Tumeizoea rangi hiyo, na wengi wetu tumeamini kwamba ndiyo inayochafua meno yetu. Tunayachota maji ya bomba au ya kisima, tunayaona meupe, tunasema hapa tumepona.

Ndugu zetu, rangi haina kosa hilo. Kinachochafua meno ni madini yanayoitwa floraidi, na floraidi haina rangi, haina harufu, haina ladha. Maji yanayong'aa kama kioo yanaweza kuwa na floraidi nyingi. Macho hayawezi kuyapima, wala ulimi.

Inatoka mlimani. Mlima Meru ni volkano, na dalili za mwisho za kulipuka kwake zilionekana mwaka 1910. Miamba na majivu yake yana floraidi nyingi. Mvua ikinyesha juu, maji hupenya polepole kwenye miamba hiyo, yakiyeyusha kidogo kidogo, hadi yanapotokea huku chini kama chemchemi au kisima. Ndiyo maana ziwa moja kwenye Momella, ndani ya hifadhi jirani yetu, linaweza kuwa na mamia ya miligramu za floraidi kwa lita. Na ndiyo maana watafiti waliopima vyanzo kwenye miteremko ya Meru wamekuta vingine vikiwa na zaidi ya miligramu 10 kwa lita, wakati kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni 1.5.

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo tungependa kila mmoja aondoke nalo leo. Kalsiamu na floraidi zikikutana kwa wingi ndani ya maji, hushikana zikawa kama jiwe na kutulia chini. Mahali penye kalsiamu nyingi, floraidi hukosa nafasi ya kupanda sana. Miamba yetu ina magadi kwa wingi na kalsiamu kidogo. Maji yake yanakuwa laini, na kwa sababu hakuna kalsiamu ya kuishika, floraidi inapanda inavyotaka.

Kwa maneno mengine, ule ulaini tunaousifu, lile povu linalojaa beseni, kwa hapa kwetu ni dalili ya kutufanya tushtuke. Maji yanayomkera mama wa Dodoma kwa sababu ya magamba kwenye birika yanaweza kuwa salama kwa meno ya mwanawe kuliko yetu yanayompendeza.

Tusigeuze hili kuwa sheria. Yapo maji magumu yenye floraidi, na yapo maji laini yasiyo nayo. Ya mvua ni laini kuliko yote na ni salama kwa upande huu. Tunachosema ni kwamba povu si kipimo cha usalama. Kipimo ni kupima.

MENO, MIFUPA NA MUDA

Floraidi kidogo huimarisha meno. Ndiyo sababu inawekwa kwenye dawa ya mswaki. Ikizidi 1.5, meno ya mtoto huanza kutoka na madoa meupe, kisha ya kahawia, na kwa wengine meno humeguka. Kiasi cha miligramu 3 hadi 6, kwa miaka mingi, kinaweza kuanza kugusa mifupa. Kinapozidi 10 kwa muda mrefu, mifupa inaweza kukakamaa na kupinda hadi mtu akalemaa. Wako wazee miongoni mwetu wasioweza kuinua shingo kumwangalia mtu anayewasalimu. Wako watoto wenye miguu iliyopinda. Si kila maumivu ya mgongo ni floraidi, lakini tusijifanye hatuwajui.

Meno ya kudumu yanaumbwa ndani ya ufizi kabla hayajaota. Kazi hiyo, kwa sehemu kubwa, inafanyika tangu mtoto anapozaliwa hadi anapokaribia miaka 8. Kinachoharibika wakati huo hakirudi. Hakuna mswaki utakaokiondoa, wala mchanga, wala mkaa wa kusugulia. Kijana wetu anayeziba mdomo kwa kiganja anapocheka mbele ya watu wa miji mingine si mchafu. Anapiga mswaki kama wengine. Doa lake liliingia akiwa anajifunza kutembea.

Kwa hiyo tukisema tungoje mwaka mmoja zaidi, ni mwaka mmoja katika ile 8 ya kila mtoto aliye hai leo. Barabara ikichelewa, itakuja kujengwa. Jino lililokwisha kuumbwa vibaya halina mradi wa pili.

Ipo habari njema pia. Maziwa ya mama hayapitishi floraidi nyingi, hata kama mama mwenyewe anakunywa maji yenye nayo. Mtoto anayenyonya bila kupewa kitu kingine kwa miezi 6 analindwa. Hatari huanza tunapomchanganyia uji kwa maji ya bomba. Tukiweza kupata ndoo moja ya maji salama kwa kila nyumba yenye mtoto mdogo, ndoo ya uji na ya kunywa tu, tumeshaokoa mengi. Maji ya kufulia, kuoga na kunyweshea bustani yanaweza kubaki haya haya.

YASIYOSAIDIA

Tumeulizwa maswali mengi, na tunaomba kuyajibu kwa mkupuo.

Kuchemsha kunaua vijidudu, basi. Hakuondoi floraidi. Maji yanapopungua kwa mvuke, floraidi inabaki, kwa hiyo sufuria iliyochemka muda mrefu ina floraidi nyingi zaidi kwa lita. Endeleeni kuchemsha kwa ajili ya kipindupindu na homa ya matumbo, lakini msitegemee kwa meno.

Dawa ya klorini ni hivyo hivyo: inaua vijidudu, haigusi floraidi. Kuchuja kwa kitambaa na kuacha maji yatuame kunaondoa tope tu.

Mashine ya kulainisha maji hutoa kalsiamu na kuweka sodiamu mahali pake. Haikutengenezwa kuondoa floraidi. Kwa maji ambayo tayari ni laini, tungekuwa tumenunua chombo cha gharama kisichokuwa na kazi. Ndiyo maana tunasema pendekezo hilo, kwa heshima yote, tuliweke kando.

Kuna jambo la jikoni. Magadi tunayotia kwenye makande na maharage ili yaive haraka hutoka kwenye maziwa na udongo wa chumvi wa huku kwetu, na yana floraidi nyingi. Uchunguzi uliofanywa Kaskazini mwa Tanzania umeonyesha kwamba watoto wanaokula chakula chenye magadi hupata madoa hata pale ambapo maji yana floraidi kidogo. Mama zetu, kuloweka mahindi na maharage usiku kucha kunapunguza muda wa kupika bila kuweka magadi. Majani ya chai nayo yana floraidi yake, kwa hiyo mtoto mdogo apewe maziwa badala ya chai ya rangi. Haya hayahitaji harambee. Yanaanza leo jioni.

NINI KINAFAA

Jirani kabisa na sisi, Ngurdoto, kipo kituo cha Wizara ya Maji cha utafiti wa kuondoa floraidi. Njia iliyofanyiwa kazi sana pale ni ya mkaa wa mifupa. Mifupa ya ng'ombe kutoka buchani huchomwa kwenye tanuru yenye hewa kidogo, husagwa kuwa chembe, kisha hujazwa kwenye ndoo au pipa. Maji yakipita humo, floraidi hunaswa na mfupa, kama vile inavyonaswa na mifupa yetu sisi wenyewe. Mifupa ikichomwa vizuri, maji hayanuki wala hayabadiliki ladha. Ikichomwa vibaya yananuka, na watu huliacha chujio siku hiyo hiyo.

Ugumu wa njia hii unakuja baadaye. Mkaa hushiba. Ukishashiba, maji yanapita kama yalivyoingia, na kwa kuwa floraidi haionekani, mwenye nyumba hajui. Vichujio vingi vya namna hii vimekufa mahali pengi kwa sababu fedha ya kununua ilipatikana na fedha ya kubadili mkaa haikupatikana. Wafadhili hupenda kupigwa picha na chujio jipya. Hakuna anayepigwa picha na gunia la mkaa wa kubadilishia.

Njia ya pili ni mvua. Haijapita kwenye miamba, kwa hiyo floraidi yake ni ndogo sana. Tupige hesabu pamoja. Paa la darasa lenye meta za mraba 200, kwa mvua ya milimita 800 kwa mwaka, hata tukipoteza sehemu moja ya tano, linatoa lita 128,000. Shule yenye watoto 400, kila mmoja akinywa lita moja kwa siku, inahitaji lita 400 kwa siku. Shida si mvua, ni mahali pa kuiweka kuanzia masika inapokatika hadi vuli. Kwa siku 90 za shule katika kiangazi hicho tunahitaji lita 36,000. Matangi 8 ya lita 5,000 yanatosha, na kidogo kinabaki.

Njia ya tatu ni kuchanganya. Ndoo moja ya maji yenye floraidi 5, ikichanganywa na ndoo nne zenye 0.5, inatoa maji yenye 1.4, chini ya kikomo. Hili ni la mamlaka za maji, siyo la ndoo za nyumbani. Serikali imetumia shilingi bilioni 520, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, kwenye mradi mkubwa wa maji wa Arusha. Sisi tunapaswa kukaa na mamlaka na RUWASA tukiwa na takwimu zetu mkononi, tuulize chanzo gani kinaingia kwenye bomba gani.

Tukumbushane pia kwamba kiwango cha nchi kimebadilika. Katika miaka ya 1970 Tanzania iliruhusu floraidi hadi miligramu 8 kwa lita, kwa sababu sehemu kama yetu hazikuwa na maji mengine. Baadaye ikawa 4. Sasa ni 1.5, sawa na dunia. Kisima kilichoitwa salama wakati wa babu zetu kinaweza kisiwe salama kwa kiwango cha leo, na hakuna aliyerudi kukipima.

FEDHA ZENU ZITAFANYA NINI

Tunaomba michango ya mwaka huu igawanywe katika mafungu manne, kwa utaratibu huu.

La kwanza ni kupima. Kila bomba la umma, kila kisima, kila chemchemi inayotumika kwa kunywa katika kata, ipimwe kwenye maabara mara mbili, kiangazi na masika, maana floraidi hubadilika na majira. Tupime floraidi, ugumu, chumvi na vijidudu kwa pamoja. Matokeo yaandikwe kwa rangi kwenye ubao pale pale penye bomba, kwa Kiswahili ambacho mtoto wa darasa la nne anakisoma: "Maji haya ni ya kufulia", au "Maji haya ni ya kunywa." Fungu hili ni dogo kuliko yote, na bila lenyewe mengine yote ni kubahatisha.

La pili ni matangi ya mvua na mifereji ya paa kwenye shule za msingi na zahanati, tukianza na shule ambayo vipimo vitaonyesha ina maji mabaya zaidi, bila kuangalia nani katoka kitongoji kipi.

La tatu ni mfuko wa mkaa wa mifupa. Hatutanunua chujio hata moja kabla mfuko huo haujawa na fedha ya kubadili mkaa kwa miaka mitatu. Vijana wawili wapate mafunzo ya kuchoma mifupa na kupima mkaa uliochoka, walipwe kwa kazi yao, na daftari lao lisomwe kwenye kila mkutano wa umoja.

La nne ni akiba ya kisima. Hatukatai kisima. Tunasema kichimbwe pale ambapo vipimo vitatuongoza, na mkataba na mchimbaji useme wazi kwamba maji yatapimwa kabla kazi haijapokelewa.

Ndugu zetu mlioko mbali, tunajua mnabeba mengi: ada, kodi, wagonjwa, misiba. Hatuombi mtoe msichokuwa nacho. Ahadi ya kila mwezi, hata ikiwa ndogo, inatufaa kuliko kiasi kikubwa cha siku moja, kwa sababu mkaa unashiba kila msimu na ubao wa vipimo unahitaji kuandikwa upya kila mwaka. Mweka hazina wetu ameketi pale mbele na daftari la ahadi. Majina yote na kila shilingi vitachapishwa katika kitabu cha mwaka ujao, pamoja na matokeo ya kila bomba, yakiwa mazuri au mabaya.

Ninyi mlioko nyumbani, mchango wenu si fedha tu. Ni siku mbili za nguvu kazi kuchimba msingi wa matangi, ni mifupa ya buchani isitupwe, ni kuwalinda mafundi wasiibiwe mabomba.

Leo asubuhi wamezaliwa watoto kwenye hospitali za wilaya yetu. Meno yao ya kudumu bado hayajaumbwa. Tunachoamua kwenye mkutano huu kabla ya chakula kitaonekana watakapocheka wakiwa na miaka 10.